Mpole Kuliko Watoto Wote wa Mama

Dandora, Nairobi
12 Februari 1984

Kwako Wifi Apondi,

Salamu zangu ni nyingi kuliko vumbi la Dandora, na vumbi hilo uliliona mwenyewe Krismasi ulipotutembelea, ukaondoka na viatu vya rangi moja na barabara. Huku tuko wazima. Mwanetu Adoyo ameng'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Chumba cha pili kimepata mabati, kwa hiyo sasa tunalala kwa kujinyoosha. Maji hutoka siku mbili kwa wiki, na siku hizo mbili wanawake wote wa laini yetu ya nyumba huwa maadui. Je, huko Yala mvua imewakumbuka? Mguu wako unaendeleaje?

Gordon anakusalimu. Ndugu yako ameketi hapa mezani ninapoandika. Anasema nikuambie kwamba asingepata kazi ya mabomba ya Kaunsili kama hungemsomesha. Najua unalijua hilo, lakini amelisema, nami nimeliandika.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Unajua kazi yangu pale kwa Bwana Abdiqadir, Industrial Area: nafagia, napika chai, naosha vikombe. Bi Nzomo, yule opareta wa simu, anastaafu mwisho wa Oktoba arudi kwao Machakos. Amekuwa akinionyesha mtambo wake wakati wa chakula cha mchana, waya upi uende tundu lipi, na mkono wangu ni mwepesi. Juzi Bwana Abdiqadir alinikuta hapo. Nilidhani nimefukuzwa. Akasema, "Wangeci, ukiweza kujibu kwa Kiingereza, nafasi ni yako. Nitakujaribu mwenyewe Oktoba."

Shida ni kwamba kampuni yetu inasafirisha mizigo, na wateja hawana swali jingine ila kulinganisha. Ipi bei nafuu, reli au lori? Ipi itafika mapema? Ipi ni salama zaidi? Bi Nzomo huwajibu bila kumeza mate. Mimi nina "good" na "very good" tu, nikishamaliza hizo nimeishiwa.

Niliishia darasa la tano. Gordon alifika la saba, lakini anasema hana subira ya kufundisha mke. Wewe umefundisha Kiingereza miaka kumi na minane. Kikuyu hujui, na Kijaluo changu kinachekesha wazee, basi nifundishe kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Nitumie masomo kwa barua, nami nitafanya mazoezi nikurudishie. Andika kwa sanduku la Gordon la Kaunsili, yeye ndiye huleta barua nyumbani.

Nataka kazi hiyo, Wifi. Nataka kuketi kwenye kiti chenye magurudumu na mtu mwingine aniletee chai.

Ni mimi,
Nyar Murang'a wako


Yala
1 Machi 1984

Kwa Nyar Murang'a, binti wa Murang'a na mke wa nyumba yetu,

Barua yako ilifika na alama ya kikombe cha chai juu yake, nikajua kweli imetoka kwako. Sisi huku twapumua. Mahindi ya vuli yalikauka yakiwa na urefu wa goti, lakini mihogo ipo. Siku ya maziwa ya shule darasa hujaa, siku isiyo na maziwa nafundisha madawati. Kaburi la mama tumelipalilia. Mguu unauma, ndiyo kazi yake.

Umefanya vyema kuanza mapema. Kinga ni bora kuliko tiba. Na katika methali hiyo umeshaliona somo letu: bora kuliko. Kiswahili kina neno hilo moja, kuliko, nalo latumikia wote bila kuchagua. Kiingereza hakiko hivyo. Neno fupi huvishwa mkia: cheap, cheaper. Neno refu halibebi mkia, hutanguliwa na more: dangerous, more dangerous. Ukilinganisha usisahau than, ndiyo kuliko yao. Na kinachoshinda vyote huwekewa the mbele: the cheapest, the most dangerous. Wapo wakaidi wachache wasiofuata sheria ya mtu: good, better, the best, bad, worse, the worst. Hao ni wa kukariri.

Sasa sikiliza sheria yangu, ambayo wanafunzi wangu wote waijua na wengine wamechapwa kwa ajili yake. Sentensi isiyo ya kweli haipati tiki. Sitaki kuambiwa kwamba ndovu ni mkubwa kuliko panya, hilo hata panya analijua. Niandikie nyumba yako, kazi yako, watu wako, mambo uliyoyaona kwa macho. Mtu akiandika kweli hasahau.

Huu hapa mfano wangu, wa kweli mtupu:

Gordon is the gentlest of my mother's children.

Gordon ndiye mpole kuliko watoto wote wa mama. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mwaka mzima, nikienda naye kisimani na darasani. Kuku akichinjwa, yeye alikuwa akikimbilia nyuma ya ghala na kuziba masikio. Watu walisema hatakuwa mwanamume. Mimi nilisema ndiye atakayekuwa mwanamume kuliko wote.

Niandikie sentensi kumi. Mwambie Gordon asijifanye hana subira. Mimi nilikuwa nayo kwake.

Mwalimu wako,
Apondi


Dandora, Nairobi
25 Machi 1984

Wifi Mwalimu,

Tumepokea salamu, tumezigawana. Adoyo amekubali kucheka baada ya Selpher, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kumwambia kwamba pengo ni mlango wa jino jipya. Gordon ana kazi nyingi. Mabomba yanapasuka kote Eastlands na maji yenyewe hayamo. Anarudi amechoka na matope mpaka magotini.

Nilifikiri sentensi kumi ni za siku moja. Zimenila wiki tatu. Huandika ofisini nikingoja maji yachemke, kwenye daftari la Adoyo lililobaki kurasa. Bi Nzomo hanisaidii, anasema, "Andika kwanza, aibu baadaye." Nyingine ni za jua na mvua, utaziona kwenye karatasi. Hizi ndizo ninazojivunia:

Railway is cheaper than lorry.
Lorry is faster than railway.
Bwana Abdiqadir is richer than everybody but his shoes are older than my shoes.
My tea is gooder than Bi Nzomo's tea.
Selpher is the most fattest woman in our line and the happiest.
Gordon is stronger than me.

Usinichape, niko mbali.

Nyar Murang'a


Yala
14 Aprili 1984

Kwa Nyar Murang'a,

Tuko salama. Paa la darasa la tatu limechukuliwa na upepo wa mvua ambayo haikunyesha. Kwaya yetu imeshinda ya tarafa jirani, na wao wanasema tuliwahonga majaji kwa chai.

Umepata nane kwa kumi. Gooder hakuna, huyo ni mmoja wa wale wakaidi: better. Na Selpher ni the fattest peke yake. Most na mkia havivaliwi pamoja, mtu havai kofia mbili. Viatu vya Bwana Abdiqadir vimenichekesha hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Ile ya Gordon kuwa na nguvu kukushinda ni sahihi, tiki. Alikuwa akibeba gunia la mtama peke yake akiwa na miaka kumi na minne.

Za ofisini umeziweza. Sasa niandikie za nyumbani, maana opareta lazima azungumze kama mtu aliye kwake. Usinitajie mvua tena.

Apondi


Dandora, Nairobi
3 Juni 1984

Mpendwa Wifi Mwalimu,

Sisi wote wazima. Gordon mzima, Adoyo mzima, nyumba nzima. Nimechelewa kwa ajili ya shughuli. Foleni ya unga sasa inafika kona. Gordon anakusalimu sana, yuko hapa, anasema kalamu yangu imekuwa ndefu kuliko ulimi wangu. Hakuna mengine. Mazoezi ni haya, ya nyumbani kama ulivyotaka:

Our house is smaller than Selpher's house but our noise is bigger.
Friday is the worst day.
When he drinks, his hand is quicker than his mouth.
My left eye is smaller than my right eye this week.
The wall is thinner than I thought. Selpher hears.
Adoyo is the quietest child in our line.

Tuko wazima.

Nyar Murang'a


Yala
24 Juni 1984

Kwa Nyar Murang'a,

Nafurahi kusikia nyote wazima. Huku ng'ombe wameanza kuanguka, lakini watu bado wamesimama. Wazee wanakusalimu, hasa ami yetu Phares, ambaye bado anasimulia ulivyomwambia kwa Kijaluo kwamba yeye ni kiatu.

Hongera, sita kwa sita! Hujakosea hata nukta. Ijumaa kuwa siku mbaya kuliko zote: umemkumbuka yule mkaidi, the worst. Ile ya mkono ulio mwepesi kuliko mdomo imenipendeza, ingefaa kuwa methali. Ya jicho la kushoto kuwa dogo kuliko la kulia ni sahihi pia, ila this week ungeiacha, sentensi ingesimama bila hiyo. Vumbi la huko ni baya kwa macho. Osha kwa maji ya chumvi. Na mtoto mkimya ni baraka, mimi ninao hamsini na wawili na hakuna hata mmoja.

Ndoa ni kuvumiliana, lakini hilo unalijua.

Gordon akiwa na miaka sita aliwahi kulia siku nzima kwa sababu nilimkanyaga chura. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Apondi


Dandora, Nairobi
22 Julai 1984

Wifi Mwalimu,

Tuko wazima. Asante kwa tiki sita. Maji ya chumvi nimeyatumia.

My teacher sees the sentence better than she sees me.
Last Friday was worse than all the Fridays.
I am more afraid than before.

Nyar Murang'a


Yala
12 Agosti 1984

Wangeci, mke wa ndugu yangu,

Leo sikuanzii kwa habari za mvua.

Karatasi yako imekaa juu ya meza yangu siku nyingi na kalamu nyekundu kando yake. Sikuweza kuweka tiki. Umeandika kwamba mwalimu wako anaiona sentensi vizuri kuliko anavyokuona wewe, na sheria ni yangu mwenyewe. Nilikuelewa tangu Juni. Sikutaka kuelewa. Nilijiambia ni jirani, ni vumbi, ni mfano tu wa kitabuni.

Sasa nimechukua hatua. Ndani ya bahasha hii mna barua ya Gordon, nawe umpe. Sikumgombeza, maana namjua, ukimpandishia sauti anajifunga. Nimemwandikia kwa utani wa dada mkubwa: kwamba nasikia mkono wake siku hizi ni mwepesi kuliko mdomo, kwamba Ijumaa zake zanifikia hadi Yala, na kwamba mke wake anaandika Kiingereza kizuri kuliko chake, basi ajihadhari. Atacheka, kisha ataona aibu, kisha ataacha. Mimi hunisikiliza. Hajawahi kutonisikiliza.

Endelea na mazoezi. Oktoba si mbali.

Apondi


Yala
16 Septemba 1984

Kwa Wangeci,

Sijapata jibu lako wala la Gordon. Najua posta ni posta. Niandikie hata mstari mmoja.

Apondi


Yala
21 Oktoba 1984

Wangeci,

Nimekwenda posta kila Jumamosi. Mwezi huu ndio wa jaribio lako, kama sikosei. Umekwenda? Umejibu vipi? Niambie hata kama umeshindwa. Niambie kama nimekosea.

Apondi


Kangema, Murang'a
18 Novemba 1984

Kwa Apondi,

Salamu. Mama yangu na baba yangu, Muturi, hawajambo. Adoyo hajambo, ameota jino. Mimi nitakuambia.

Barua hii hakuna aliyeisoma kabla yako. Ni ya kwanza ya namna hiyo, na hukujua, kwa hiyo nakujulisha. Zote zilizotangulia Gordon alizisoma kabla ya kuzibandika stempu. Zako alizifungua yeye kwanza, maana zilipitia sanduku la kazini kwake. Ndiyo sababu nilikuwa nikiandika tuko wazima, tuko wazima, kama mtu anayerudia sala. Mazoezi tu ndiyo hakuyasoma. Aliyaona akacheka, akasema ni mambo ya watoto, na masahihisho yako nayo aliyaruka. Kwa hiyo pale ndipo nilipopata pa kusemea. Nilijiambia, huyu mwalimu amesema niandike niliyoyaona kwa macho, basi akiyasoma ataamini.

Barua yako ya Agosti ilifika siku ya Ijumaa. Aliifungua kazini. Aliingia nyumbani jua lingali juu na hakuwa amekunywa, na hilo ndilo lililonitisha. Akataka daftari. Akaniambia nisimame penye mlango wa chumba cha pili.

"Soma," akasema. "Si siku hizi unajua Kizungu? Soma yote. Unanichoma kwa sista yangu na daftari ya mtoto?"

Nikasoma. Nikasoma ya reli na ya lori, ya viatu, ya chai, ya Selpher. Kila moja aliuliza, "Hiyo ni ukweli?" nami nikasema ni ya kweli. Tulipofika ile ya mkono hakuuliza. Adoyo alikuwa chini ya meza. Selpher aligonga ukuta kwa sufuria hadi watu wa laini nzima wakajaa mlangoni, na alipoingia alisema, "Gordon, ata ng'ombe haipigwi hivi!" Akanitoa nje kwa mgongo wake mnene. Mungu ambariki yeye na unene wake.

Jicho lilipona kwa wiki mbili. Sikio la kushoto halikupona. Daktari alichungulia kwa tochi yake ndogo, akasema ngozi ya ndani imepasuka, ningoje. Nimengoja. Kilichobaki humo ni mlio mmoja tu, kama birika linaloanza kuchemka, na hakuna wa kuliepua.

Bwana Abdiqadir alinijaribu tarehe 23 Oktoba. Hakuna aliyenionea, nataka ujue hilo. Opareta huvaa kisikilizio sikio la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia unaandika, na sikio la kulia linawasikiliza walio ofisini. Bi Nzomo alinivalisha yeye mwenyewe na kunitengeneza kola. Bwana Abdiqadir akapiga kutoka chumbani kwake. Nikasikia birika. Akauliza tena. Nikasikia birika.

Tukahamishia kisikilizio upande wa kulia, na hapo nikamsikia, Apondi, nikamjibu. Nilimwambia: Railway is cheaper, sir, but the lorry is faster, and our own lorry is the safest. Sikukwama popote. Bi Nzomo alipiga makofi. Kumbe wakati huo karani alikuwa amesimama kushotoni kwangu na barua ya haraka, akaniita jina langu mara nne, sikugeuka. Bwana Abdiqadir alitoka chumbani akatazama viatu vyake vile vya zamani. "Wangeci, pole sana," akasema. "Opareta ana kazi ya masikio mawili." Nikaenda kuosha vikombe. Niliosha hadi vile visafi.

Barua zako za Septemba na Oktoba Gordon alizichana. Adoyo aliokota vipande, nikaviunganisha kwa uji wa ngano, nikasoma. Umeuliza kama umekosea. Nilikuchukia wiki nyingi. Nilikuchukia kuliko Gordon, kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia kitu. Wewe nilikuambia.

Wiki ya kwanza ya Novemba nilimchukua mtoto na nguo tulizovaa, Selpher akatusindikiza hadi kituo cha basi. Niko kwa baba sasa. Tunakula ugali wa mahindi ya njano na watu wanalalamika, lakini mimi nauona mtamu, kwa sababu nakula nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Sasa Gordon ametuma neno. Anasema wazee wenu watakaa Desemba nyumbani kwa Phares, na wakikubaliana watakuja kumchukua Adoyo, kwa kuwa ni mtoto wa ukoo wenu. Mimi sitakuwapo. Na hata ningekuwapo, mtazungumza Kijaluo, na kile changu unakijua. Lakini najua watakavyofanya. Watakugeukia wewe, kwa kuwa ndiwe uliyemlea, na watakuuliza huyu ndugu yako ni mtu wa namna gani.

Adoyo hajasema neno shuleni tangu tufike. Uliandika kwamba mtoto mkimya ni baraka. Akirudi kwenye ile nyumba sitamwona tena akicheka, na pengine sitamwona kabisa.

Ndani ya bahasha hii narudisha barua yako ya tarehe 1 Machi. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu ya Bi Nzomo, alinipa siku ya kuagana. Kiingereza cha mfano wako hakina kosa hata moja. Lakini wewe ndiwe uliyesema kwamba sentensi isiyo ya kweli haipati tiki. Nimepiga X.

Wangeci wa Muturi


Yala
16 Desemba 1984

Kwa Wangeci wa Muturi,

Sina uso wa kukutumia salamu nyingi, natuma moja, na nyingine ya mama yako na baba yako. Mvua imenyesha. Naandika hilo kwa mazoea tu.

Wazee waliketi jana kwa Phares, kama ulivyosema. Gordon alikuja amevaa suti na kunyoa vizuri, akawaamkia wote, akaniletea kilo mbili za sukari. Alizungumza kwa upole. Alisema umeharibiwa na masomo, kwamba unamfundisha mtoto kumdharau baba. Wakatikisa vichwa. Kisha Phares akanigeukia, neno kwa neno kama ulivyotabiri: "Apondi, huyu umemlea wewe. Ni mtu wa namna gani?"

Nilikuwa na ile karatasi yako ya mazoezi ya Juni kwenye pochi. Nilisimama. Nakuandikia nilichosema, maana kilisemwa kwa lugha usiyoijua, na ni haki yako kukijua. Nilisema: "Alikuwa mpole kuliko sisi sote. Sasa si hivyo. Amempasua mkewe sikio. Mke aliniambia mimi tangu Juni, kwa maandishi, na nilinyamaza. Kisha nikamchongea kwa barua yangu mwenyewe. Mtoto abaki kwa mama yake."

Mmoja akasema walimu wa kike wana midomo. Mwingine akanikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia damu ninayoizungumzia mimi ilitoka sikioni. Phares akamwuliza Gordon kama ni kweli. Gordon alishika kofia yake, akaizungusha, akaizungusha. Wazee wakakubaliana mtoto abaki kwako. Hawatakuja Murang'a. Phares atamwandikia baba yako mwenyewe.

Gordon aliondoka bila kunywa hata maji. Alinipita mlangoni kama mtu anavyompita asiyemjua. Nimelia, Wangeci, na sikufichi kwamba nimemlilia yeye. Sina mwingine wa tumbo la mama aliyebaki. Najua wewe umepoteza zaidi na hukuuliza nani akulilie.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Marehemu mume wangu alinipiga miaka tisa. Mguu huu niliokuandikia kwa utani haukuumizwa na ng'ombe kama nilivyowaambia watu. Nami niliandika tuko wazima, kwa kila mtu. Kwa hiyo lile jicho lako, nililiona pale kwenye karatasi upesi kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angeliona. Na nikaweka tiki. Nilidhani kwa kuwa mimi nilivumilia, na wewe utaweza. Nilidhani kuvumilia ndiyo akili.

Yule mdogo wangu aliyeziba masikio kuku akichinjwa, sijui alikwenda wapi. Ningekuwa namtafuta tangu Juni badala ya kusahihisha nukta, labda ungekuwa unaketi kwenye kiti chako cha magurudumu.

Mwambie Adoyo kwamba shangazi yake amesema acheke kwa sauti, na shule ikikataa aniandikie mimi.

Nimeisoma barua hii mara tatu. Nadhani yote ni kweli, lakini nilidhani hivyo hata Machi. Ile kalamu nyekundu unayo wewe. Isome pole pole, mstari kwa mstari, na penye uongo piga X, kisha unirudishie.

Apondi